Kiingereza cha Mwaka wa Mtihani: Mazoezi ya Maswali Yanafundisha Nini, na Hayafundishi Nini

Mwaka wa mwisho wa sekondari ukiingia, kipindi cha Kiingereza hubadilika sura. Kitabu cha kiada huwekwa kando, hadithi hazisomwi tena, na meza ya mwalimu hujaa mitihani ya miaka iliyopita. Kila siku ni swali, jibu, alama, kisha swali lingine. Wazazi wanaridhika kwa kuwa wanaona kazi inafanyika. Wanafunzi nao wanaridhika, maana wanajua wanachokitafuta. Lakini ukimfuatilia mwanafunzi mmoja mmoja utaona kwamba alama za wengi hupanda kidogo mwanzoni, kisha huganda palepale mpaka siku ya mtihani, hata kama wamemaliza mitihani ya miaka kumi mfululizo.

Kwa nini zinaganda? Wapo wanaosema mitihani imeua ufundishaji, kwa hiyo tuisahau tufundishe lugha. Wapo wanaosema mtoto amekuja kutafuta cheti, apewe mbinu za kujibu, lugha ataikuta mbele ya safari. Naona pande zote mbili zinachanganya mambo mawili yanayofanana kwa nje: kujifunza kitu, na kuonyesha kwamba unakijua. Swali la mtihani liliundwa kwa ajili ya hilo la pili. Kwa hilo la kwanza lina nguvu katika baadhi ya mambo, na katika mengine halina nguvu kabisa. Mwalimu wa mwaka wa mwisho anapaswa kuujua mpaka huo ulipo, kwa sababu muda alionao ni mdogo na kila kipindi kinachopotea hakirudi.

Mtihani ni sampuli

Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza. Ulichukua saa 12: kutafsiri kwenda na kurudi, sarufi, insha, fasihi, fonetiki, imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Waliojitokeza kuufanya walikuwa watatu tu, na wote watatu hawakufaulu. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi watahini wa zamani walivyohangaika kuizunguka lugha nzima. Hata kwa saa 12 hawakuweza kuimaliza. Mitihani ya leo ya kuhitimu sekondari, kwa kawaida, hupewa saa mbili au tatu.

Ndani ya saa hizo hakuna anayeweza kupima Kiingereza chote cha mtu. Kinachofanyika ni kuchukua sampuli: kifungu kimoja au viwili vya ufahamu, sentensi chache za sarufi, muhtasari, barua, insha. Kutokana na sampuli hiyo mtahini anakisia yale ambayo hakuyauliza. Mtahiniwa akisimulia vizuri ajali aliyoiona, tunaamini anaweza pia kusimulia mashindano, msiba au ugomvi wa majirani. Makisio haya ndiyo yanayokipa cheti thamani yake.

Sasa mchukue mwanafunzi aliyemeza insha tano zilizoandikwa na mtu mwingine. Ameiandaa sampuli peke yake, na nyuma yake hakuna kitu. Likija swali lililogeuzwa kidogo, ataandika ileile insha aliyonayo. Msahihishaji mzoefu humtambua bila taabu: sentensi mbili za kwanza zinazojaribu kuligusa swali zina makosa manne, halafu ghafla jua linachomoza, ndege wanaimba, msamiati unapaa, kisha aya ya mwisho inarudi kwenye makosa yaleyale. Hapo anapoteza alama za maudhui kwa kutojibu swali, na zile sentensi nzuri haziwezi kumwokoa.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mtunga mitihani na kila mwalimu angepaswa kuujua. Charles Alderson na Dianne Wall, wote wa Chuo Kikuu cha Lancaster huko Uingereza, walifuatilia kilichotokea madarasani nchini Sri Lanka baada ya mtihani wa taifa wa Kiingereza kubadilishwa ili uendane na vitabu vipya vilivyosisitiza mawasiliano. Matumaini yalikuwa kwamba mtihani mpya ungebadilisha ufundishaji. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1993 yalikuwa na sura mbili. Walimu walibadilisha walichofundisha: walikazana na yale yatakayoulizwa na kupunguza yasiyoulizwa, na majaribio yao ya darasani yakafanana na mtihani. Lakini jinsi walivyofundisha haikubadilika. Aliyekuwa akitoa mhadhara aliendelea na mhadhara wake, ila juu ya maswali ya aina mpya.

Funzo lake ni zito. Mtihani unaweza kumwambia mwalimu afundishe ufahamu, lakini haumwambii ufahamu unafundishwaje. Hilo tumeachiwa sisi, na ndipo tunapokwama.

Ufahamu unaanzia kwenye msamiati

Mwanafunzi akifeli ufahamu, ushauri wa kawaida ni mbinu: soma maswali kwanza, pigia mstari maneno muhimu, rudi kwenye kifungu utafute. Mbinu hizi si mbaya, na zinafundishika kwa vipindi viwili. Shida ni kwamba hazina kazi kwa mtu asiyejua maneno yaliyo mbele yake.

Tupige hesabu. Kifungu kina maneno 400. Mwanafunzi anayejua asilimia 90 ya maneno hayo anaonekana amefika mbali, lakini ana maneno 40 asiyoyajua, yaani moja katika kila kumi. Karibu kila mstari una shimo. Anayejua asilimia 98 ana mashimo manane tu, na mengi atayaziba kwa kukisia kutokana na muktadha. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand na mwenzake Hu walilijaribu jambo hili kwa kuwapa wasomaji hadithi yenye viwango tofauti vya maneno yasiyojulikana, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Kwenye kiwango cha asilimia 80 hakuna hata msomaji mmoja aliyeielewa hadithi vya kutosha. Asilimia 90 na 95 ziliwasaidia baadhi. Kutokana na matokeo hayo walikadiria kwamba wasomaji wengi wanahitaji takriban asilimia 98 ili waelewe vya kutosha.

Kwa hiyo mwalimu anapomwambia mwanafunzi akisie maana kutokana na muktadha, huku muktadha wenyewe umejaa maneno mageni, anamwomba jambo lisilowezekana. Hata msomaji mahiri angeshindwa.

Habari njema ni kwamba maneno ya Kiingereza hayana uzito sawa. Mwaka 1953 Michael West, aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 yenye matumizi mengi zaidi. Orodha mpya zimetungwa tangu hapo, na zote zinakubaliana kwa jambo la msingi: maneno 2,000 ya mwanzo hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead akaongeza orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yake mengine), yale ambayo hayatumiki sana sokoni lakini yamejaa kwenye vitabu vya shule: "analyse", "factor", "require", "consequence". Haya hufunika karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiyezijua orodha hizi mbili hana sababu ya kukaririshwa maneno adimu eti kwa sababu yaliwahi kuulizwa mwaka fulani. Maneno kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo, ni maneno 1,500. Hakuna mtihani wa zamani utakaompa idadi hiyo.

Kuyapata na kuyashika ni mambo mawili. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka mapema sana, na kwamba kukirudia kwa vipindi vilivyoachana hukizuia kutoweka. Lakini kurudia vipi? Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakakisoma tena, na wale waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele.

Hapa ndipo swali linapogeuka kuwa mwalimu. Jaribio dogo la maneno 15 kila Jumatatu, matano ya juzi, matano ya wiki iliyopita, matano ya mwezi uliopita, linafundisha kweli. Lisitolewe alama za kuingia kwenye ripoti. Mwanafunzi afunike upande mmoja wa daftari, ajilazimishe kulivuta neno kutoka kichwani, ndipo atazame kama amepatia. Jitihada ile ya kuvuta ndiyo inayolikaza neno. Na neno liandikwe pamoja na jirani zake: Kiingereza kinasema "make a decision" lakini "do homework", na anayejua "make" peke yake ataandika kila kitu kwa "make".

Sambamba na hilo, wanafunzi wasome vitabu vyepesi. Najua mwaka wa mtihani kusoma hadithi huonekana anasa. Lakini neno lililofundishwa ubaoni linahitaji kukutwa tena mara nyingi katika sentensi tofauti kabla halijawa mali ya mtu, na hakuna mwalimu mwenye vipindi vya kutosha kuyakutanisha yote. Kitabu kinafanya kazi hiyo bila kusimamiwa. Kipimo chake ni rahisi: ukurasa wa maneno 250 ukikuta zaidi ya maneno matano usiyoyajua, kitabu hicho ni kigumu kwako kwa sasa. Tafuta chepesi zaidi, na usione haya.

Sentensi moja ya daraja

Baada ya msamiati kinafuata kizuizi cha pili, ambacho nakiona hata kwa wanafunzi wazuri. Tuseme kifungu kina sentensi hii: "Although the bridge was finished in March, no vehicles crossed it until the rains ended in June." Swali linauliza magari yalianza lini kulitumia daraja. Sehemu kubwa ya darasa itaandika Machi.

Hakuna neno gumu hapo. Kilichotokea ni kwamba mwanafunzi ametafuta neno la swali kwenye kifungu, amekuta "bridge" karibu na "March", akanakili. Mbinu ya kupigia mstari maneno muhimu imemwongoza moja kwa moja kwenye jibu lisilo sahihi. Mtahini analijua hilo, na ameiweka Machi pale kwa makusudi.

Mwalimu anayetoa jibu sahihi na kusonga mbele hajafundisha kitu. Anayesema "Nionyeshe ulikolipata" na kumfanya mwanafunzi aweke kidole kwenye mstari, ameanza kufundisha. Kisha aulize: hii "although" inakuahidi nini? Inaahidi kwamba kuna jambo litakalokuja kinyume na ulivyotarajia. Daraja limekamilika, ungetarajia magari yapite. Basi jiandae, hayatapita. Na "no vehicles until June" maana yake ni kwamba kuanzia Juni yalipita. Kanushi na "until" zikikaa pamoja, jibu liko baada ya "until".

Maneno ya aina hii hayazidi dazeni tatu: "although", "unless", "despite", "however", "hardly", "instead of", "as long as" na wenzao. Ndiyo yanayobeba fikra ya kifungu, na ndiyo watahini wanayoyategea. Wiki mbili za sentensi fupi zenye maneno haya, kila moja ikifuatiwa na swali moja, zina faida kuliko vifungu vizima ishirini vya mitihani, kwa sababu mwanafunzi anakutana na kizuizi kilekile mara mia, badala ya kukutana nacho mara moja na kukisahau.

Sarufi: kanuni iliyokaririwa nusu

Mitihani mingi ina swali la kuandika upya sentensi bila kubadili maana. "He was so tired that he could not walk" ianzie "He was too..." Makosa yanajulikana kabla hujakusanya madaftari: "He was too tired that he could not walk", au "He was too tired to not walk". Jibu ni "He was too tired to walk".

Kosa hili lina mantiki. Kwa Kiswahili tunasema alichoka mno hata hakuweza kutembea. Ukanushi upo, unasikika. Kiingereza kimeuficha ndani ya "too". Mwanafunzi anaona sentensi haina "not", anahisi kuna kitu kimepungua, anakirudisha. Akielezwa hivyo mara moja kwa utulivu, wengi huelewa. Akipewa fomula tu, kwamba "so... that" hugeuka "too... to", atafanikiwa kwenye sentensi hii na kuanguka kwenye inayofuata: "The box was so heavy that the boy could not lift it." Sasa aliye mzito ni sanduku, na anayeshindwa ni mvulana. Jibu ni "The box was too heavy for the boy to lift", bila "it" mwishoni, kwa kuwa sanduku limeshatajwa mwanzoni na "lift" inalirejelea lenyewe. Fomula haikumwambia hilo.

Kosa jingine linatokana na "-nge-". Tunasema ningekuwa na muda ningesoma, na "-nge-" inakaa pande zote mbili. Mwanafunzi anaibeba hivyohivyo: "If I would have time, I would read." Kiingereza kinataka "If I had time, I would read", kitenzi cha upande wa "if" kikivaa umbo la wakati uliopita ingawa hakuna kilichopita. Hili linahitaji mazoezi ya mdomo zaidi ya maandishi, sentensi fupi zinazohusu maisha ya mwanafunzi mwenyewe, mpaka sikio lizoee.

Kwa mwaka wa mwisho nisingejaribu kufundisha sarufi yote upya. Ningechukua insha za darasa zima, nihesabu makosa, nichague matano yanayojirudia zaidi, nishughulike na hayo. Mara nyingi yatakuwa nyakati za kitenzi, ile "s" ya nafsi ya tatu, "he" na "she" kwa sababu Kiswahili hakitofautishi, na sentensi za masharti. Matumizi ya "a" na "the" yana kanuni nyingi na faida yake kwa alama ni ndogo. Sahihisha yakitokea, lakini usiyatolee mwezi mzima.

Insha na wino mwekundu

Hapa ndipo walimu wanapochoka zaidi na kupata kidogo zaidi. Mwalimu anachukua madaftari 50, anayasahihisha usiku kucha, kila kosa limezungushiwa duara, juu kaandika 11/20. Mwanafunzi anapokea daftari, anatazama 11, anamuuliza jirani kapata ngapi, anafunga daftari.

Ruth Butler aliufanyia jambo hili utafiti katika shule za Israeli na kuuchapisha mwaka 1988. Kundi moja la wanafunzi lilipewa alama tu, jingine maoni tu, jingine alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni pekee ndio kazi yao iliyofuata ikawa bora. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika, kana kwamba maoni hayakuwepo. Alama ikionekana, jicho halisomi kingine.

Mtafiti mwingine, John Truscott, alikwenda mbali zaidi mwaka 1996 akidai kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha hakufai na kuachwe kabisa. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba inategemea unavyosahihisha, na mjadala huo umeendelea miaka mingi. Mimi nipo upande wa Ferris, kwa sharti moja: sahihisho lisilofuatwa na kuandika upya halina thamani. Chagua aya moja tu ya insha. Pembeni ya mstari wenye kosa weka alama fupi mliyokubaliana, kwa mfano "K" kwa kitenzi, "T" kwa tahajia, "M" kwa mpangilio wa maneno, bila kuandika jibu. Mwanafunzi alitafute kosa mwenyewe, aandike aya upya, akurudishie. Alama zitolewe kwa toleo la pili. Kazi yako inapungua na yake inaongezeka, na yeye ndiye anayehitaji mazoezi.

Darasa likiwa kubwa mno, kusanya madaftari kumi kwa siku na uzunguke. Siku ya pili andika ubaoni aya moja bila jina la mwenyewe, darasa zima liirekebishe. Waandike aya, si insha nzima. Anayeweza kuandika aya moja yenye wazo moja, sababu yake na mfano wake anaweza kuandika nne. Anayejaza kurasa tatu kila wiki bila kurudi nyuma anakomaza makosa yaleyale.

Jambo moja la mbinu lina faida kubwa kuliko yote: dakika tano za mpango kabla ya kuandika. Mistari minne kwenye karatasi ya kazi, nini kinaanza na nini kinafuata. Watahiniwa huzikwepa dakika hizi kwa hofu ya muda, kisha hupoteza kumi katikati ya insha wakitafuta la kusema.

Yasiyoulizwa

Kama mtihani hauna kusikiliza wala kuzungumza, vipindi hivyo hufutwa mara moja. Na pale unapokuwa navyo, hupewa uzito wa ajabu: Korea Kusini husimamisha ndege kuruka na kutua kwa muda wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, ili kelele zisiwasumbue watahiniwa. Mtihani ndio unaoamua kipi kina heshima.

Hata hivyo mwanafunzi asiyewahi kusema sentensi ya Kiingereza kwa mdomo huandika polepole mno, maana kila sentensi anaijenga neno kwa neno kutoka lugha yake. Dakika kumi za mazungumzo ya wawili wawili juu ya mada ya insha, kabla ya kuiandika, huwapa maneno na mpangilio. Nazihesabu kuwa sehemu ya insha, na hata mkuu wa shule mwenye haraka ya matokeo anaweza kuzikubali akielezwa hivyo.

Basi mitihani ya zamani itumikeje?

Itumike kwa uchache na kwa umakini. Mwanzoni mwa mwaka, mtihani mmoja mzima, ili kujua kila mmoja yuko wapi. Katikati ya mwaka, vipande vyake tu, baada ya kufundisha jambo husika. Miezi miwili ya mwisho, mitihani mizima kwa saa, ili mwanafunzi ajue dakika zinavyokwenda na asiache swali la alama 20 kwa sababu alizama kwenye swali la alama tano.

Kila mtihani uliofanywa upewe muda wa kuuchambua mara mbili ya ule wa kuufanya. Mwanafunzi achore jedwali la makosa yake, na kila kosa aliweke kwenye moja ya mafungu manne: sikujua neno, sikuelewa swali linataka nini, sikujua kanuni, nilijua ila niliharakisha. Jedwali hili humweleza ukweli ambao jumla ya alama huuficha. Mwenye makosa mengi kwenye fungu la kwanza hahitaji mtihani mwingine, anahitaji maneno. Mwenye mengi kwenye la nne anahitaji saa na utulivu. Wote wawili huenda wamepata 47, na wote wawili hupewa dawa moja.

Linabaki swali la yule aliyeingia mwaka wa mwisho akiwa hawezi kuandika sentensi tatu zilizonyooka. Madarasa mengi yana wanafunzi wa namna hii, na wengi wao huachwa nyuma ya darasa wakinakili majibu ya ubaoni. Kuwapa mtihani wa zamani ni kuwaonyesha kila wiki kwamba hawawezi. Kwao ningeweka pembeni mitihani yote kwa nusu ya kwanza ya mwaka. Ningewapa maneno 1,000 ya mwanzo, hadithi fupi sana wazisome mara mbili mbili, na sentensi zenye mtenda, kitenzi na kitendwa, wakati uliopo na uliopita tu, mpaka ziwe safi. Huyu mwambie wazi asijaribu sentensi ndefu za kupendeza. Insha ya sentensi fupi 20 zisizo na makosa, zinazojibu swali lililoulizwa, hupata alama za kufaulu kwa wasahihishaji wengi. Na kwenye maswali ya kuchagua, pale ambapo jibu lisilo sahihi halikati alama, asiache hata moja wazi.

Nusu ya pili ya mwaka ndipo apewe mtihani wa kwanza, tena sehemu anazoweza: barua fupi, maswali ya ufahamu ambayo jibu lake liko wazi kwenye mstari mmoja, kujaza nafasi. Alama zake ziandikwe kwenye daftari lake mwenyewe, alinganishe na za mwezi uliopita, si na za mwenzake aliyekaa mbele.